Neno Taratibu Lilivyosogezwa

Mwalimu Festo wa kwaya tumemzika wiki iliyopita, na nilikwenda. Watu wa Rahaleo waliniona nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, khanga nimeifunga kiunoni, namenya vitunguu kama wengine, na naamini wapo waliosema moyoni kwamba Veneranda amesamehe. Sijasamehe. Nilikwenda kwa sababu kwetu hapa asiyekwenda kwenye misiba ya watu huja akazikwa na watoto wake peke yao, na mimi watoto sina. Nikakaa nikamsikiliza Bosco wa kinanda akisoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Akasema marehemu alikuwa mtu wa haki. Akasema alilea vipaji, na hakuwahi kumdhalilisha mwimbaji hata mmoja. Alilisoma hilo bila kutikisa kope. Mama mmoja karibu yangu akanong'ona, "Kweli jamani, alikuwa mpole yule." Nilichukua kitunguu kingine. Niliporudi chumbani kwangu ndipo nikaanza kuandika haya. Nimeishia darasa la saba, anayetaka kuucheka mwandiko wangu acheke, lakini majina nitayataja: Festo, Fidea, Bosco. Mmoja amekufa, wawili wapo, na wakitaka kujibu, kalamu zinauzwa.

Mwaka ninaousema ni ule niliomaliza dozi ya kifua kikuu. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na wanawake wawili wa kiwandani, tukibangua korosho, vidole vyetu vimeungua kwa yale mafuta ya maganda mpaka huwezi kusema huyu ni mweupe na huyu ni mweusi, wote mikono ya rangi moja. Chumba kilikuwa na dirisha dogo la upande wa choo. Nilipougua wale wenzangu hawakunikimbia, sharti lao lilikuwa nilale dirishani, basi. Wao walikula ugali wa muhogo na mlenda, mimi wakaninunulia dagaa na mayai kwa pesa zao, kwa kuwa nesi alisema dawa zile bila chakula zinaua. Hao sitawataja majina kwa kuwa sina ubaya nao. Nilipona. Daktari akaniambia upande mmoja wa pafu umebaki na makovu, nitaishi, nitafanya kazi, ila nisitarajie pumzi ya zamani. Alisema kama mtu anayekwambia gunia lina tundu dogo. Hakujua kwamba mimi nilikuwa mwimbaji wa solo wa kwaya yetu, na kwamba pumzi ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo mjini humu.

Nilirudi kwaya nikiwa na hofu. Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi wa parokia, nyuma ya kanisa, chumba kirefu chenye harufu ya mabibo msimu wa korosho kwa sababu ukuta wa pili ulikuwa ghala. Kabla ya kuimba tulikunywa chai kwa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu. Siku ya kwanza niliporudi nilikuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Nikauliza, "Huu uzi wa nini?" Mama Fidea, mwenyekiti wetu, akajibu huku anamimina chai, "Ni ili usipotee, mwenzangu. Vikombe vinafanana." Wanawake wakatazama chini. Nikanywa kwenye kikombe changu chenye uzi. Nesi alikuwa ameshasema siambukizi tena, cheti ninacho, lakini utamwonesha nani cheti kwenye chai?

Hata hivyo Mwalimu Festo, na hili nalisema ili nisionekane mwongo, mwanzoni alinipokea. Jubilei ya paroko wetu ilikuwa inakuja, na alikuwa ametunga wimbo mpya wa vipaji, wa kupelekea matoleo altareni. Alinisikiliza nikiimba peke yangu, akakaa na penseli, akaniandikia solo inayonitosha. Sentensi ilikuwa moja: "Nimekuja na mikono mitupu, ee Mungu wangu, upokee." Ilitakiwa iimbwe kwa pumzi moja, bila kukatwa, na hasa neno Mungu lisikatwe, kwa sababu yeye alishika msimamo kwamba jina la Mungu halipumuliwi katikati. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetembea kwenda mahali anapopajua. Nikimaliza mimi, kwaya nzima inaingia, na hapo tu, wanapoingia wao, ndipo mwendo unashuka. Aliandika kwa penseli juu ya mahali wanapoingia: Taratibu sana, kwa unyenyekevu. Tulijifunza kwenye karatasi hiyo ya mkono. Niliimba vizuri. Nilikuwa nafika mwisho wa sentensi na pumzi kidogo imebaki, kama maji ya kusuuzia. Mwalimu akasema, "Umeona, Veneranda? Nimekushonea kwa kipimo chako." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya baadaye nimchukie zaidi kuliko wengine. Alijua kipimo changu.

Sasa jubilei ina wageni. Kwaya za parokia nyingine zingekuja kuimba nasi, kwa hiyo nyimbo zikatakiwa zichapwe kwa kompyuta. Kazi akapewa Bosco. Bosco ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wetu, na siku za kazi aliajiriwa kwenye steshenari ya Bwana Abasali, duka la daftari, kurudufu na picha za pasipoti. Bwana Abasali ni Mwislamu wa Kihindi aliyezaliwa Mikindani, hakuwa na habari na nota, yeye alichojua ni karatasi. Mashine yake ya kurudufu ilikuwa nzee na ilikuwa na tabia ya kula ukingo wa kulia. Chochote kilichokuwa karibu na ukingo huo kilitoka nusu. Kwa hiyo alikuwa na amri moja dukani: vitu vyote vivutwe kushoto. "Karatasi ikitoka hapa imekatika," alisema, "watu hawasemi Bosco, wanasema Abasali. Vuta ndani, bwana, vuta ndani."

Hapo ndipo sentensi yangu ilipoangukia. Kwenye kompyuta solo yangu ilijaza mstari mzima wa nota, kuanzia kushoto hadi karibu na kulia, na kwaya ikaingia kwenye chumba cha mwisho kabisa cha mstari ule. Mwalimu vile vyumba vya nota aliviita vipimo. Basi lile neno refu, Taratibu sana, kwa unyenyekevu, lilitakiwa lianzie juu ya kipimo kile cha mwisho, na likianzia hapo linatoka nje ya karatasi na mashine inalila. Bosco akalishika kwa mausi akalivuta kushoto. Akalivuta mpaka likakaa mwanzo wa mstari, likalingana na ukingo, likapendeza. Likawa limekaa juu ya nota yangu ya kwanza. Kwa mtu asiyejua, ilikuwa karatasi safi kuliko zote alizowahi kutoa. Kwa anayejua, ilikuwa imesema Veneranda aanze kutambaa tangu neno la kwanza.

Zoezi la kwanza la karatasi mpya sitalisahau. Bosco akapiga utangulizi, nikasimama, na nilipofungua mdomo kinanda kikalala, kikaanza kujikokota. Nilidhani amekosea. Nikamfuata, maana mwimbaji humfuata kinanda, nikafika "mikono mitupu" nusu ya pumzi imekwisha, nikafika "ee Mu" nikaishiwa. Nikakohoa. Kikohozi cha kukosa hewa tu, lakini ukumbi mzima ulisikia kikohozi kingine. Wanawake wa sauti ya kwanza wakajifunika midomo kwa khanga. Mama Fidea akasema kwa sauti ya huruma, ile huruma inayosemwa ili isikike hadi nje, "Masikini, bado. Kifua si kitu cha kuazima." Nikamwambia Bosco, "Mbona umelala? Pale si pangu, taratibu ni ya kwaya." Akainua karatasi. "Dada Vene, mimi napiga kilichoandikwa. Soma mwenyewe." Nilisoma. Neno lilikuwa pale. Nikamtazama Mwalimu Festo, aliyelitunga, aliyeliandika kwa penseli yake mahali pengine. Alikuwa anafuta miwani.

Kesho yake nikatoka kiwandani nikapita steshenari. Bwana Abasali alikuwa anakunywa chai ya tangawizi, akanipa stuli, akaniuliza nataka kurudufu nini. Nikamwambia nataka kusikia wimbo. Nilikuwa nimesikia kwamba ile programu ya nota inaweza kujiimbia yenyewe kwa sauti ya kinanda cha bandia. Bosco hakutaka. Bwana Abasali akamwambia, "Mpigie dada, mteja hapewi kisogo." Basi akabofya. Na mimi nikiwa nimekaa kwenye stuli, kati ya maboksi ya karatasi na mtoto anayepigwa picha ya pasipoti, nikasikia solo yangu ikienda mwendo wangu, ule ule wa mtu anayetembea, mpaka mwisho wa sentensi, na kwaya ilipoingia ndipo kompyuta ikashuka taratibu. Nikasema, "Rudia." Akarudia, ikawa vile vile. Nikasema, "Kompyuta inajua. Karatasi ndiyo haijui." Bosco akakuna kichwa. Akanieleza, na alieleza vizuri, kwamba neno la mwendo unalipandikiza kwenye nota, na likishapandikizwa mashine inalitii hapo hapo. Ukija kulivuta kwa mausi unavuta sura yake tu, mizizi inabaki. "Kwa hiyo unakubali mizizi iko kwenye kwaya," nikamwambia. Akasema, "Nakubali." "Basi rudisha." "Likirudi linaliwa na mashine." "Vunja mstari, kwaya ianze mstari wa chini, neno likae juu yao." Akasema wimbo utavuka hadi ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili utakuwa na mstari mmoja tu kama jino la kizee, haupendezi, na hata hivyo yeye si mtunzi, nikamwone Mwalimu. Bwana Abasali akasema, "Ukurasa mmoja wenye mstari mmoja, hasara gani? Karatasi ninazo." Bosco akamgeukia mtoto wa picha.

Nilikwenda kwa Mwalimu Jumamosi mchana. Nyumba yake ilikuwa na baraza la mbele na uzio wa makuti upande wa jikoni, na kwa kuwa nilikuwa nimemchukulia mkewe ming'oko, nikapita upande wa jikoni kama tunavyopita wanawake. Mkewe hakuwepo. Sufuria la maharage lilikuwa linachemka peke yake. Nikaweka kapu chini, na nilikuwa naita hodi ndipo nikasikia sauti ya Mama Fidea barazani. Nikanyamaza. Sioni haya kusema nilisikiliza. Jina lililokuwa linatajwa lilikuwa langu.

"Ile solo Neema wangu anaijua yote," Mama Fidea alikuwa anasema. Neema ni binti yake, alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka huo. "Anaiimba hata akifua."

"Neema ana sauti, sikatai," Mwalimu akasema. "Lakini nikimwondoa Veneranda leo, ametoka hospitali juzi, watu watasema kwaya imemtenga mgonjwa. Na paroko ndiye aliyemwombea kitanda wodini alipozidiwa."

"Nani kasema umwondoe? Usimwondoe. Muache tu na karatasi yake."

Nikasikia kijiko kwenye kikombe.

"Bosco anasema dada alikuja dukani," Mwalimu akasema. "Anasema neno limekaa pabaya."

"Limekaa pazuri. Mimi nimeiona karatasi, imenyooka, inapendeza. Wewe mwalimu unataka kuchafua kazi kwa ajili ya mtu mmoja? Ataimba, atashindwa, atasema mwenyewe nimechoka. Hakuna atakayekulaumu. Karatasi ndiyo itakayomtoa."

Na Mwalimu Festo, mtu wa haki, aliyelea vipaji, akasema, "Haya. Tuache ilivyo." Kisha akaomba aongezewe sukari.

Niliyaacha maharage yao yakiungua. Ming'oko nikaondoka nayo, nikaila njiani, mmoja mmoja, natafuna mizizi ile na kutema kambakamba zake barabarani mpaka nikafika nyumbani. Wenzangu wakaniambia acha kwaya, kwaya haikulishi. Ni kweli haikunilisha. Lakini mtu akishalala dirishani miezi yote ile akihesabiwa kama maiti anayesubiri siku yake, anataka asimame mahali mara moja watu wamsikie kwamba yupo. Sikutaka Neema anyimwe kitu. Nilitaka sentensi yangu, niimalize, na jina la Mungu lisikatike mdomoni mwangu mbele ya wale waliofunika midomo. Nilirudi mazoezini wiki zote zilizobaki. Kila mara kinanda kililala na kila mara niliishia "ee Mu." Vijana wa sauti ya nne walianza kuniita hivyo, Eemu. "Eemu amefika." "Eemu, chai." Mwalimu alisikia. Alichosema ni "Vijana, tulieni," kwa sauti ya mtu anayetabasamu.

Kuna watu watauliza kwa nini sikumwendea paroko. Ningemwambia nini? Baba, kuna neno limesogezwa? Angeangalia karatasi, angeona neno zuri, Taratibu sana, kwa unyenyekevu, lililonyooka na ukingo, angeniona mwanamke wa korosho anayelalamikia unyenyekevu. Hapo ndipo uovu wao ulipokuwa na akili. Ukimpiga mtu kofi, lina alama. Ukimsogezea neno, unaitwa nadhifu.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama chini ya madirisha. Tulivaa majoho mapya ya bluu. Kwaya za wageni zilikaa pembeni na karatasi za Abasali mikononi, zote safi. Vipaji vikaanza kupelekwa, mihogo, mbuzi, samaki wa Msimbati kwenye beseni, na Bosco akapiga utangulizi. Nikasimama. Mwalimu akanitazama kwa macho ya kuniomba radhi kabla ya kosa, nami nikayaacha yanipite. Kinanda kikalala, kama kilivyoandikiwa. Mimi sikulala. Nikaimba mwendo ule wa penseli, mwendo niliousikia kwenye stuli ya Abasali, nikakiacha kinanda nyuma. Bosco akageuza shingo. Mwalimu akapeleka mkono chini, chini, kama anamtuliza mbwa. Nikaenda zangu. "Nimekuja na mikono mitupu, ee Mungu wangu, upokee." Nzima. Nikafunga mdomo nikashusha mikono, na kinanda bado kilikuwa katikati ya sentensi, kinaburuta sauti za kumsindikiza mtu aliyekwishafika. Hakikuweza kusimama, kwa kuwa Bosco hupiga kilichoandikwa. Kanisa lote likakaa likisikiliza kinanda kikiimbisha hewa. Mtoto mmoja akacheka. Ilikuwa ndefu ile, na kwaya haikujua iingie wapi, wengine wakaingia mara nilipomaliza, wengine wakangoja kinanda, wageni wakafuata karatasi, na wimbo wa Mwalimu Festo ukavunjika kama sahani.

Baada ya misa kulikuwa na pilau ukumbini. Nilikuwa nimekaa na sahani yangu, nakula, pilau ilikuwa nzuri siwezi kudanganya, Mwalimu akaja na Mama Fidea nyuma yake.

"Umetuaibisha mbele ya wageni," akasema.

"Mwalimu, nimeimba ulichoniandikia."

"Umeimba nje ya karatasi."

"Karatasi ya nani?"

Mama Fidea akasema, "Mwenzangu, kwaya ni kufuatana. Asiyeweza kufuata hukaa na waumini." Akanyoosha mkono. "Joho."

Nikavua joho pale pale, ndani nilikuwa na gauni la kawaida, nikamkabidhi. Nikamalizia pilau yangu. Hakuna aliyesimama upande wangu meza ile, na wote walikuwa wanalijua neno lilipotoka, maana wote walijifunza kwa karatasi ya penseli. Nayo hiyo naiandika: wote.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye benchi la nyuma. Waliimba wimbo ule tena. Neema akasimama na joho langu, alikuwa amelikunja mikono. Bosco akapiga utangulizi, nikasubiri kinanda kilale. Hakikulala. Kilikwenda mwendo wa kutembea, mwepesi, kikamshika binti mkono mpaka mwisho wa sentensi, na kwaya ilipoingia ndipo kikashuka, taratibu sana. Neema aliimba vizuri, binti wa watu, hakukosea kitu. Mama Fidea alikuwa amefumba macho.

Jumatatu nikapita steshenari. Bosco alikuwa peke yake, anapanga karatasi mpya, kurasa mbilimbili, na ukurasa wa pili ulikuwa na mstari mmoja tu juu, kwaya inapoingia, na neno limekaa juu ya kwaya. Nikachukua moja nikaishika. Nikamuuliza, "Bosco, nani amekwambia ulirudishe?"

"Hakuna aliyeniambia, dada Vene," akasema, na wala hakuinua macho, aliendelea kugonga pini. "Nimeliangalia tu, nikaona pale lilikuwa limekaa vibaya."